Gemu yetu ya kunyata: kitufe cha kuruka kibaki au kiondoke?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Tupo wawili hapa Tabora, tunatengeneza gemu ya kunyata, yaani ya kupenya bila kuonekana, ya 3D kwa Godot 4 (programu ya kutengenezea gemu). Mchezaji ni mpagazi wa enzi za misafara anayeingia usiku kwenye tembe (nyumba ya paa tambarare la udongo) la tajiri wa pembe za ndovu ili achukue daftari la madeni ya wenzake. Tunalenga simu, ingawa na pedi ya vitufe itachezeka. Kinachotusumbua ni kuruka. Vijana waliojaribu wanapanda paani dakika ya kwanza na kuvuka ua wote bila kukutana na mlinzi hata mmoja. Wengine wanarukaruka tu mbele ya walinzi kama wako ngomani. Mimi nataka kukiondoa kitufe. Mwenzangu anasema gemu ya mapambano isiyo na kuruka itaonekana ya kizamani, na mchezaji atajiona amefungwa miguu. Nani yuko sahihi?"*

Ndugu yangu, kiondoeni. Ila sababu uliyoitoa siyo, na mwenzako usimpuuze. Aliposema "kufungwa miguu" amegusa jambo la kweli, na mkifuta kitufe bila kuweka kitu mahali pake, gemu yenu itapata ugonjwa huo huo aliouogopa.

Nianze na hili la ukizamani, maana ni jepesi. Metal Gear ilipotoka mwaka 1987 kwenye kompyuta ya MSX2 haikuwa na kuruka. Metal Gear Solid ya 1998 nayo haikuwa nacho, na hakuna aliyeiita gemu ya kulala. Hitman ya 2016 haina kitufe cha kuruka: mhusika anakwea, anavuka madirisha na kushuka mabomba ya maji, lakini pale tu mazingira yanaporuhusu. Shadow Tactics ya mwaka huo huo, ile ya kutazamwa kutoka juu, haina kabisa. Upande wa pili, Tenchu ya 1998 ilikuwa na kuruka pamoja na kamba ya ndoana, Thief ya 1998 ilikuruhusu kuruka popote na kujidandisha ukingoni, na Dishonored ya 2012 isingekuwa Dishonored bila kwenda juu. Splinter Cell ya 2002 iliwahi hata kuwa na ufundi wa kuruka kwenye ujia mwembamba na kujibana juu kwa miguu kati ya kuta mbili huku mlinzi anapita chini. Kwa hiyo hakuna sheria ya jadi ya kuifuata. Kila moja ilichagua kulingana na nyumba iliyokuwa inajenga.

Sasa nikuulize: nyinyi mlichagua? Mnapounda msimbo mpya wa mhusika kwenye Godot na kukubali kiolezo cha mwendo wa kawaida cha CharacterBody3D (kijenzi cha Godot cha kumwendesha mhusika), mnapewa kasi ya 5.0 na nguvu ya kuruka, yaani kasi ya kwenda juu, ya 4.5, tayari vimeandikwa. Watu wengi wana kuruka kwenye gemu zao kwa sababu hiyo tu: kilikuja na kiolezo, nao hawakukifuta.

Namba hizo zinafanya nini ndani ya tembe lenu? Kwa mvuto wa 9.8, nguvu ya 4.5 inampandisha mhusika mita 1.03 na kumweka hewani kwa sekunde 0.92. Akikimbia kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, anavuka pengo la mita 4.6. Tuseme paa lenu liko mita 2.4 kutoka chini. Uani mmeweka sanduku la mita 0.9 na kando yake shehena ya mizigo ya mita 1.6, kama ua wowote wa mfanyabiashara ungekuwa. Mchezaji anaruka juu ya sanduku, anaruka juu ya shehena, na kutoka hapo anafika mita 2.63. Yuko paani. Hamkumjengea ngazi ila mmempa, na paa la tembe ni tambarare, kwa hiyo akishafika juu amepata barabara ya lami kuzunguka ua mzima.

Hapo ndipo kuruka kunapogharimu. Mkimpa mchezaji kuruka popote, mmemuahidi kwamba kila kitu kilicho chini ya kimo fulani kinapandika. Kila mtungi, kila kinu, kila rundo la kuni lazima liwe na umbo imara la kugongana kwa juu, lisimtelezeshe wala kumnasa. Kila paa lazima liwe na sababu ya kuwepo. Msipotimiza, mtaanza kuweka kuta zisizoonekana, na mchezaji akigonga hewa mara mbili anaacha kuiamini ramani nzima. Kwa timu ya watu wawili gharama hiyo ni kubwa kuliko kazi ya kitufe chenyewe.

Kuna jambo jingine, na kwa gemu ya kunyata ndilo kubwa zaidi. Katika gemu za aina ya Mario, kuruka ndiyo lugha yenyewe ya mchezo. Katika kunyata, lugha ni bei: kila mwendo unalipiwa kwa kelele, kwa kuonekana, au kwa muda. Kutembea ni haraka lakini kunasikika, kuchutama ni kimya lakini kunachelewesha. Kuruka kwa kiolezo hakulipi chochote. Hakuna kelele ya kutua, hakuna anayekiona kichwa kikitokeza juu ya ukuta, na mchezaji anatua akiwa na kasi ile ile. Wale vijana wanaorukaruka mbele ya walinzi hawana utovu wa adabu. Vidole havina kazi, kitufe hakina bei, basi wanabonyeza.

Mnaweza kukitoza bei, na ni haki niwaonyeshe ingekuwaje. Mnaamua kwanza kimo na muda, kisha mnatafuta nguvu. Mkitaka kimo cha mita 1.2 na muda wa kupanda wa sekunde 0.35, mvuto ni mara mbili ya kimo ukigawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 19.6, na nguvu ya kuanzia ni mara mbili ya kimo ukigawanya kwa muda, yaani 6.9. Mvuto huo ni maradufu ya ule wa dunia, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kwa 9.8 mruko wa mita 1.2 ungechukua karibu sekunde nzima na mpagazi wenu angeonekana anaelea. Kisha mnaongeza kishindo cha kutua kinachosikika mita 6, mnapunguza kasi kwa sekunde 0.3 baada ya kutua, na mnahakikisha macho ya mlinzi yanapima kichwa, kifua na miguu ya mchezaji, si kitovu tu. Kisha mnachora mijongeo (animesheni) ya kuondoka chini, kuwa hewani, kutua taratibu na kutua vibaya, ya kusimama na ya kuchutama. Kwa gemu ambayo juu ndiko njia kuu, fanyeni hivyo bila kusita. Kwa tembe moja lenye ua, naona mtakuwa mmechoma kuni za mwezi kuchemsha chai.

Lakini kuna kinachopotea, na ndiyo hoja ya mwenzako. Thief ilipotengenezwa upya mwaka 2014 iliondoa kuruka huru, ikabaki kuruka kwenye sehemu zilizoandaliwa tu. Wapenzi wa ile ya 1998 walilalamika sana, na walikuwa na haki. Awali mchezaji alikuwa akitazama ukuta na kujiuliza "naweza?", akajaribu. Sasa alikuwa akitafuta alama iliyowekwa na mbunifu. The Last of Us ya 2013 haikuwa na kitufe cha kuruka, sehemu ya pili ya 2020 ikakiongeza. Aragami ya 2016 haikuwa nacho, ya pili ya 2021 ikakileta. Ni wazi waliokiongeza hawakuwa wajinga. Kwa hiyo msifute kuruka na kuweka sehemu tano maalumu zenye rangi. Wekeni kanuni moja ya kudandia inayofanya kazi kwenye ukingo wowote wenye kimo sahihi, hata ule ambao hamkuufikiria. Mchezaji anabaki na swali lake la "naweza?", na nyinyi mnabaki na ramani mnayoweza kuilinda.

Kanuni yenyewe ni hii. Kitu kilicho chini ya mita 0.3, mhusika anapita tu. Godot haimpandishi mhusika vidato yenyewe, kwa hiyo kwenye ngazi na vizingiti wekeni umbo la mteremko lisiloonekana. Kati ya mita 0.3 na 1.1 anaruka kiunzi kwa mkono mmoja, sekunde 0.5. Kati ya 1.1 na 2.2 anadandia, sekunde 1.1. Zaidi ya 2.2 hapandi, mpaka atafute kitu cha kukanyagia. Ona kilichotokea: paa la mita 2.4 sasa halifikiki kutoka chini, ila linafikika kutoka juu ya sanduku. Njia ya juu ipo, na idadi yake mnaiamua nyinyi kwa kuweka au kuondoa masanduku.

Kwenye msimbo, tupeni miali miwili (mistari isiyoonekana inayopima kilicho mbele) mbele ya mhusika, mmoja kimo cha mita 0.3 na mwingine 1.2, kila mmoja urefu wa mita 0.8. Wowote ukigonga, chukueni sehemu ulipogonga, songeni mita 0.3 ndani ya ukuta, pandeni hadi mita 2.5 juu ya nyayo, kisha tupeni mwali wa tatu kwenda chini. Ulipogonga ndipo kilipo kilele, na kimo chake kutoka kwenye nyayo ndicho kinachochagua mwendo. Kabla ya kukubali, pimeni mambo mawili. Kilele kisiwe na mteremko unaozidi nyuzi 45, na kapsuli (umbo la kugongana) ya mhusika aliyechutama, kama mita 1, iwe na nafasi pale juu. Mkiruka kipimo cha pili, atakwea na kichwa kikaingia ndani ya boriti.

Kuna mtego hapa unaowapoteza wengi. Ukuta ukiwa mrefu kuliko mita 2.5, mwali wa tatu unaanzia ndani ya ukuta wenyewe. Kwa kawaida Godot haihesabu umbo ambalo mwali umeanzia ndani yake, hivyo unapita mpaka sakafuni na kuwaambia kilele kiko sifuri. Washeni chaguo la `hit_from_inside` kwenye mwali huo. Ikirudi nomali (mwelekeo wa uso uliogongwa) yenye sifuri tatu, ukuta ni mrefu mno, achaneni nao. Mtego mwingine ni mtetemo wakati wa kukwea. Unatokea mnapomsogeza mhusika kwa twini (kusogeza taratibu kwa msimbo) huku amri ya `move_and_slide` bado inamsukuma na mvuto unamvuta. Zimeni hivyo viwili wakati wa kudandia, mpelekeni juu kwanza, kisha mbele, halafu viwasheni tena. Na katika sekunde 0.3 za mwanzo mruhusuni mchezaji kughairi kwa kurudisha kijiti nyuma, kwa sababu mara nyingi mlinzi hugeuka wakati mikono tayari iko ukingoni.

Dawa ya kufungwa miguu ni mwendo wa kukimbia. Akikimbia hadi mwisho wa paa, na upande wa pili kuna sehemu ya kutua ndani ya mita 2.5, aruke mwenyewe bila kitufe. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilifanya hivi mwaka 1998 na wengi waliocheza hawakumbuki hata kwamba hawakuwa na kitufe. Akiwa ananyata, ukingo umzuie asianguke. Wakati wa fujo, walinzi wanapomkimbiza, punguzeni muda wa kudandia hadi sekunde 0.8 na kubalini kitufe kilichobonyezwa sekunde 0.15 kabla hajafika ukutani. Mwenzako ajaribu hilo kwanza ndipo aendelee na malalamiko.

Sasa paa. Hata mkiondoa kuruka leo, kosa la paa litabaki, kwa sababu nadhani walinzi wenu hawatazami juu. Pimeni wenyewe: macho ya mlinzi yako mita 1.6, mchezaji amesimama ukingoni mwa paa la 2.4, kichwa chake kiko kama mita 4.1. Mlinzi akiwa mita 5 kutoka hapo, kichwa kiko karibu nyuzi 27 juu ya usawa wa macho yake. Kama pembe ya kuona mmeiweka nyuzi 15 juu na chini, mchezaji anaweza kucheza muziki paani na asionekane. Tenganisheni pembe ya pembeni na ya wima: pembeni 60 kila upande, juu 45. Mambo yatajipanga yenyewe. Mchezaji aliyechutama mita 3 ndani ya ukingo hataonekana na mlinzi aliyesimama mita 2 kutoka ukutani, maana ukingo unaficha kila kilicho chini ya mita 1.2. Akisogea ukingoni kuchungulia, anaonekana. Hiyo ndiyo bei.

Tena mna zawadi ambayo mtengenezaji wa Tokyo hana: paa la tembe ni miti iliyolazwa na kufunikwa udongo. Mtu akitembea juu, vumbi linadondoka ndani na sauti inapita. Wekeni kunyata juu ya paa kusikike mita 1.5, kutembea 4, kukimbia 8, na mlinzi aliye chumbani chini ainue taa na kutazama dari. Paa halitakuwa barabara ya lami tena, litakuwa chaguo lenye hatari yake. Mpeni pia mlinzi mmoja njia ya kupanda: NavigationLink3D (kiungo cha njia cha Godot) kutoka chini ya ngazi hadi juu yake, na mnaposikia ishara ya `link_reached` chezeni mwendo wa kukwea, la sivyo atateleza hewani kama mzimu. Mmoja anatosha. Mchezaji akishaona mlinzi anapanda, hatakaa juu kwa starehe.

Alama za njia msizipake rangi nyeupe. Vichwa vya boriti vinavyotokeza ukutani vinatosha kusema "shika hapa". Pale mnapotaka watu wapande, viwepo. Pale msipotaka, kuta ziwe laini. Kuweni thabiti tu: kichwa kimoja cha boriti kisichoshikika kinaharibu kazi ya ishirini vinavyoshikika.

Kwa simu, hesabu ni ya vidole. Kidole gumba cha kulia kinageuza kamera na kubonyeza, na kitufe cha kugusa kinahitaji kama milimita 9. Vikizidi sana viwe vinne: kuchutama, kudandia, kumkaba mlinzi, kutupa jiwe. Kuchutama kina thamani kuliko kuruka mara kumi, kipeni nafasi nzuri zaidi. Kudandia kionekane tu panapodandika. Na tafadhali msiunganishe kudandia na kumkaba kwenye kitufe kimoja, maana siku mlinzi atakaposimama kando ya ukuta, mchezaji atapanda ukuta mbele ya uso wake, na hatawasamehe.

Kabla ya kufuta chochote, hifadhini toleo la sasa na tengenezeni la pili, kisha nendeni kwenye banda la gemu hapo mjini. Watu sita toleo hili, sita wengine lile. Kaeni pembeni, msifundishe, msijitetee. Wekeni msimbo uandike kwenye faili mara ngapi walionekana, sekunde walizokaa paani, na mibonyezo mitupu, yaani kudandia kusikojibiwa. Kwa kipimo changu, mibonyezo mitupu ikizidi mmoja kati ya mitano, alama zenu hazisomeki au kimo cha 2.2 ni kidogo. Rekebisheni hayo kwanza. Ikiwa bado watu wanatafuta kuruka baada ya hapo, mwenzako ameshinda, mrudishieni kuruka kwenye bei niliyoeleza.

Mtetemo wa ukutani ukiendelea baada ya kuzima mvuto, msizidi kubahatisha namba. Chukueni kompyuta, mtafuteni mtu mwenye uzoefu wa Godot au wa fizikia ya gemu, mkae naye meza moja mkiwa mmewasha maumbo ya kugongana yaonekane. Kosa la namna hiyo linaonekana kwa macho ndani ya nusu saa, na kwa maelezo ya simu linaweza kula wiki.

Na kabla ya yote hayo, mko Tabora. Nendeni Kwihara na futi ya kupimia, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ombeni ruhusa kwa wanaolitunza, pimeni kimo cha kuta, upana wa milango na unene wa viambaza, kisha waulizeni wazee wanaojua kujenga tembe paa hulazwa vipi na hubeba watu wangapi. Namba zangu za 2.4 na 2.2 ni za kufanyia hesabu tu. Wekeni zenu.